Kobe wa Bure na Mbege ya Mzee Yakobo

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Aibu. Naliandika neno hilo kwanza ili nisije nikalikwepa.

Leo ilikuwa siku ya kubisha hodi kwa kina Gladness, kule Kilema. Wazee wa pande mbili wakutane, wasalimiane, wapange siku ya kupeleka mbege ya posa, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kazi yangu mimi mchumba ilikuwa moja: kufika. Nilifika! Ila wazee walikuwa wameshaagana, na baba yake Gladness, Mzee Yakobo, alikuwa zizini anawakatia ng'ombe majani. Kofia yake ya heshima ameshaivua. Nikampa shikamoo juu ya ukuta wa zizi. Akaitikia marahaba, akaendelea na majani.

Sababu ninazo. Nilikuwa mjini dukani kwangu, natoa kopi na kuchapa. (Mimi ni Mkurugenzi. Wafanyakazi bado.) Nilikuwa namalizia kadi za ubatizo za mteja. Nikakumbuka sijanyoa. Kinyozi naye akanishawishi na ndevu. Mambo hayo matatu, yakipangwa vizuri, yanaenea kabisa ndani ya asubuhi moja. Kwa hiyo tatizo si mimi. Tatizo ni mpangilio.

Waliokwenda na kufika: Mama, Shangazi Elisifa, na binamu yangu Yoramu ambaye ndiye mshenga. Yoramu ni katibu wa jumuiya yetu kule Uru na hajawahi kuchelewa popote tangu abatizwe. Aliwaambia wazee kwamba huenda Sylvanus amepatwa na dharura. Mama kaniambia alilisema neno dharura huku anatabasamu.

Gladness alinisindikiza hadi barabarani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema baba yake ametoa Jumamosi ijayo, mbege iletwe, na nikiharibu tena atamwambia baba yake asiisubiri tena familia yetu. Hatasema kwa hasira, alisema. Atasema tu, basi.

Nampenda Gladness. Naandika hapa kwa sababu pale barabarani sikulisema. Nilikuwa namweleza habari za kinyozi.

Nimeamua. Kuna programu za simu za kupanga muda wa mtu. Nitatafuta iliyo bora kuliko zote. Ya bure.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya misa tulikaa kwa Yoramu tukala kiburu cha ndizi na maharage na kupanga wiki. Jikoni kwake ametundika kalenda ya parokia, na kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari ili isipotee. Karne hii! Tarehe nyingine zimechapwa nyekundu na nyingine nyeusi, mapambo ya kizamani. Yoramu anaitazama kalenda ile kama mtu anayetazama shamba lake.

Mpango wenyewe ni huu. Jumanne Shangazi Elisifa anapika ndizi. Ijumaa anachanganya kimea cha ulezi. Jumamosi mbege imeiva, tunaipeleka Kilema siku hiyohiyo, maana mbege haingoji mtu. Kazi yangu: kununua kimea kwa Mikidadi, muuza nafaka wa Himo, na kukileta Ijumaa. Basi. Mama aliuliza mara mbili kama nimeelewa.

Yoramu akajitolea kukileta yeye. Nikakataa. Akasema basi angalau aniandikie kwenye kalenda yake. Nikamwambia kwa upole kwamba dunia imeshatoka kwenye karatasi. Akaniuliza programu yangu inaitwaje. Nikamwambia bado niko kwenye hatua ya tathmini.

Shangazi alicheka, halafu akakohoa. Ana mafua ya baridi hii ya Agosti.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza na ile yenye bundi. Bundi amevaa miwani na ameshika saa. Rangi nzuri, maandishi makubwa, watu wengi wameisifu. Kuna mtego wa saa, najua. Wengine huandika saa mbili ya asubuhi wakaamshwa usiku wa manane. Mimi si mshamba. Nilibadilisha saa zote za Kiswahili kwenda za simu bila kukosea hata moja, nikajisikia kama rubani.

Nikaiweka simu mezani jikoni, Mama akimenya ndizi za mtori. Bundi akalia.

Sikujua kwamba analia! Ndiyo kengele yake. Alilia kama yule wa kweli wa juu ya mti wa mruka. Mama akaacha kisu. Akauliza nani anakufa. Nikamweleza kwamba ni programu ya kupanga muda, ya kimataifa. Akasema bundi ndani ya simu ni bundi ndani ya nyumba, na katika wiki ya posa hataki kumsikia. Akaenda chumbani, akarudi na chupa ya maji ya baraka, akainyunyizia simu yangu. Hakunyunyiza kidogo.

Nimemfuta bundi. Simu inafanya kazi ila kitufe cha kupunguza sauti kimekufa. Sauti imebaki juu kabisa. Nimeianika dirishani lakini jua lenyewe halipo, ukungu umeshuka mpaka mlangoni.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nyuki. Huyu hakukimbilia kazi. Alianza kwa kunihoji. Ninataka kuwa mtu gani baada ya miaka mitano? Nini kinanizuia? Ni wakati gani wa siku ninapokuwa na nguvu? Maswali ya maana ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza katika ukoo huu. Nikakaa chini ya mgomba pale kihambani, shamba la nyumbani kwa Shangazi, nikajibu kwa ukweli.

Wakati huo Shangazi alikuwa anapika ndizi kwenye pipa. Nilikuwa nimeahidi kubeba kuni. Nilipomaliza swali la nguvu, kuni zilikuwa zimeshabebwa. Na nani? Na Yoramu, bila shaka. Amebeba huku anapiga mluzi wimbo wa matoleo.

Shangazi Elisifa ni mpishi wa mbege, si wa kubahatisha. Uru nzima, kwenye ubatizo, kwenye harusi, hata kwenye matanga, mtu huuliza nani kapika kabla hajakaa. Wakisikia ni Elisifa wanakaa. Hana mali nyingi, ana jina hilo. Leo alikuwa anakoroga, anaonja kwa kidole, anakohoa pembeni. Nikamwambia safari hii asihangaike kuonja, simu itatuambia lini imeiva. Alicheka mpaka akaweka upawa chini.

Jioni nyuki akaonyesha rangi zake. Ni bure kwa wiki moja tu, kisha anataka kadi ya benki. Nilishaingiza maisha yangu yote mle. Nimejisikia kama mtu aliyekaribishwa chai akaletewa bili.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempata! Kobe. Bure milele, imeandikwa hivyohivyo. Anatembea polepole juu ya skrini na kuwaaibisha watu wa haraka. Ana matangazo ya kubashiri mpira, lakini nani hana matangazo. Tena anazungumza! Kengele yake ni sauti ya mwanamke anayesema Kiswahili kama anakisoma ukutani. Kuna kitufe cha kuhamisha kazi zako zote kutoka kwa nyuki. Nikakibonyeza. Kobe akaandika: Hongera, umehamisha!

Sikukagua. Mtu akishapewa hongera anakagua nini?

Kobe anajali afya. Tangu asubuhi ananikumbusha kunywa maji, nami nimekunywa kila alipotamka. Nimeshinda nikienda chooni na kurudi. Lakini ndiyo nidhamu.

Nimeona mbali zaidi. Posa ikipita salama, watu watauliza siri. Kwa hiyo nimechapa matangazo: TAWALA MUDA WAKO, SEMINA NA MKURUGENZI SYLVANUS, ukumbi wa parokia, Jumamosi tarehe 16, saa nane mchana. Moja nimelibandika kwenye ubao wa kanisa, juu kidogo ya ratiba ya jumuiya ya Yoramu. Limeifunika kidogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nimefungua duka asubuhi. Mji kimya ajabu. Hakuna mteja hata wa kopi ya kitambulisho. Raya wa vitenge ng'ambo ya barabara hakufungua. Nikadhani kuna msiba mkubwa. Nikamtazama Kobe, akasema leo ni siku ya kawaida na sasa ninyooshe mgongo. Nikanyoosha. Baadaye akasema nikanyoe. Nikaenda, kinyozi kafunga. Nikarudi nikanywa maji.

Alasiri Shangazi akapiga simu. Kimea kiko wapi? Ndizi ziko tayari, pipa linapumua, kisipoingia leo kesho tutapeleka siki.

Nikamfungua Kobe nimwonyeshe makosa yake. Kimea hakipo. Nimetafuta juu, nimetafuta chini. Kumbe toleo la bure lina nafasi tano tu. Nne amezishika mwenyewe: kunywa maji, kunyoosha mgongo, kupumua kwa kina, kushukuru. Hazifutiki bila kulipia. Ya tano, aliyoihamisha kutoka kwa nyuki, ni hii: Kunyoa.

Nikampigia Mikidadi wa Himo. Akaniuliza kama namtania. Leo Nane Nane! Yuko Arusha na familia wanaangalia ng'ombe wa maziwa kwenye maonyesho. Nane Nane. Mimi, mtoto wa mkulima, niliyekulia kwenye kahawa, nimesahau sikukuu ya wakulima. Kobe anazijua sikukuu zote za nchi zenye theluji. Theluji hata sisi tunayo, hapo juu mlimani, lakini sikukuu yetu hana. Ndipo nikakumbuka ile tarehe nyekundu jikoni kwa Yoramu.

Nikakimbilia soko la Mbuyuni. Wauza nafaka wachache waliokuwepo walishaanza kufunika magunia. Kimea hakuna.

Njia ya kiungwana ilikuwepo na niliiona. Ningempigia Yoramu. Yoramu hakosi kimea cha akiba, ndivyo alivyoumbwa. Nilishika simu kabisa. Nikaliona lile tabasamu. Nikairudisha mfukoni.

Karibu na stendi kulikuwa na duka moja wazi. Kwenye rafu: unga wa lishe. Pakiti ina picha ya mtoto mnene anacheka. Nikasoma kilichomo. Ulezi, wa kwanza kabisa! Kisha mahindi, soya, karanga, mbegu za maboga. Nikajiambia kwamba hili si kosa, ni uboreshaji. Nikanunua pakiti zote, nikajificha nyuma ya duka langu nikazimimina kwenye mfuko wa zamani wa kimea. Pakiti tupu nikazitia kwenye pipa la taka hadi likajaa. Iliyobaki moja nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa koti.

Shangazi alikuwa ananisubiri kwenye mlango wa banda. Akaupitisha unga vidoleni. Akasema unga huu una mafuta. Nikasema ni ulezi wa ng'ambo, umepitia mpakani Holili, ndivyo ulivyo. Pua yake imeziba, hakusikia harufu. Alinitazama kidogo, kisha akasema haya mwanangu, maana wewe ndiye mwenye kuoa. Akaenda kukoroga.

Aliniamini. Ningeweza kumfuata bandani. Nikaenda kupiga pasi koti.

Jumamosi, 9 Agosti

Imekwisha. Sijui nianzie wapi. Nianzie na kwamba nilifika kwa wakati! Hakuna aliyelitaja hilo.

Tulikodi gari dogo, Yoramu mbele kama mwenye gari, mimi nyuma na Mama na Shangazi, madumu ya mbege miguuni. Shangazi alikuwa amevaa kitenge kipya. Njia nzima povu lilikuwa zito na halishuki. Alilitazama sana. Alisema labda ni baridi.

Kilema wazee walishajaa sebuleni. Mzee Yakobo kavaa kofia ya heshima. Gladness alikuwa mlangoni na sinia la vyombo, akanitazama na kunipa tabasamu dogo, la kwanza wiki hii. Yoramu akasema maneno ya posa. Lazima nikiri alisema vizuri, hata mimi nilitaka kuolewa.

Mbege ikamiminwa. Mshenga huonja kwanza. Yoramu akaonja kata yake na uso wake haukusogea hata kidogo; ana uso wa katibu. Kisha kata ikaenda kwa Mzee Yakobo. Akanywa. Halafu akaanza kutafuna.

Mbege haitafunwi.

Akanywa mara ya pili, taratibu, kama anayempa mtu nafasi. Akatafuna tena. Akauliza, bila ukali, kama pombe hii ni ya kunywa au ya kumwachishia mtoto ziwa. Wazee wakacheka, kisha wakaonja, kisha wakaacha kucheka. Mmoja akatoa kipande cha karanga mdomoni akakitazama kwenye mwanga. Mwingine akauliza nani kapika.

Macho yote kwa Shangazi Elisifa. Akachukua kata, akaonja. Akairudisha chini kwa mikono miwili. Akajifunika kitenge chake kipya mabegani kama mtu aliyesikia baridi.

Hapo ndipo palikuwa pangu. Neno moja lilitosha: ni mimi. Nilikuwa na nafasi, na nafasi ilikuwa ndefu. Niliitazama picha ya Bikira Maria ukutani. Nilitazama sakafu. Nilijiambia nitasema wakishakula. Mama ananijua, alianza kunitazama mimi badala ya Shangazi.

Ndipo koti langu likasema kwa sauti ya juu kabisa: Ni wakati wa kunywa maji! Leo umekunywa kidogo sana!

Wazee wakashtuka. Nikabonyeza kitufe cha sauti, kile kilichokufa kwa maji ya baraka. Sauti ikaendelea: Sasa pumua kwa kina! Halafu tangazo la kubashiri mpira likaanza, na ngoma zake. Nikaivuta simu mfukoni kwa nguvu. Simu ikatoka. Na pakiti ikatoka. Ikaanguka kwenye kiatu cha Mzee Yakobo, ikajikunjua yenyewe, mtoto mnene akimcheka mwenye nyumba usoni.

Gladness aliweka sinia chini, akaiokota. Akaisoma yote kimya. Kwa sauti alisoma sehemu moja tu, ile ya chini: kuanzia miezi sita.

Mzee Yakobo akavua kofia. Akasema wamefurahi kutuona, chakula kipo, tule. Lakini hapa kwake hawaozi binti kwa mtu wa miezi sita. Kisha akamgeukia Shangazi Elisifa akamwomba radhi kwa lile swali la mtoto na ziwa. Yeye ndiye aliyemwomba radhi Shangazi. Mimi nilikuwa bado nahangaika na ngoma za tangazo.

Tulirudi na gari lilelile, madumu miguuni. Yoramu hata hakutabasamu, na hilo limeniuma kuliko angetabasamu.

Jumapili, 10 Agosti

Shangazi hakwenda misa. Kwaya yake imeimba bila yeye. Habari imeshafika Uru kabla ya kengele ya kwanza, na nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akiuliza kama ni kweli Elisifa siku hizi anatia karanga. Sikugeuka. Nilipaswa kugeuka.

Mama akaniambia nikakate sale. Kwetu mtu akikukosea akakuletea jani la sale, humkatalii. Wazee walilipanga hivyo ili watu waweze kuendelea kuishi pamoja. Masale ndiyo ua wa kihamba chetu. Mama akasema nikate ya upande wa juu, maana ya upande wa getini nimeshayamaliza: ya baiskeli ya marehemu baba, ya mbuzi wa jirani, ya Pasaka niliyomsahau Gladness stendi. Ni kweli pale getini kuna pengo. Mbwa wanapita.

Nilimkuta Shangazi anaosha pipa. Nikapiga magoti nikamnyooshea jani. Aliendelea kuosha mpaka pipa likang'aa. Kisha akafuta mikono, akalipokea. Akasema amelipokea kwa heshima ya jani.

Akaniuliza kitu kimoja. Unga anaelewa, alisema, watu hukosa unga. Lakini walipokuwa wanamtazama yeye, kwa nini nilinyamaza? Nikaanza kumweleza habari za Kobe na zile nafasi tano. Akasema hakuniuliza habari za simu.

Nimeona haya mpaka nimeshindwa kula.

Jumanne, 12 Agosti

Mama aliichukua simu yangu jana akaizika ndani ya debe la mahindi. Leo alfajiri akanitoa kitandani kwa mkono wake. Nikafika Kilema mapema mno, Mzee Yakobo bado hajavaa kofia. Alinikuta nimesimama kwenye ukungu na jani langu.

Alilipokea. Aliligeuza huku na huku, akauliza kama halijachanganywa na soya. Nikasema hapana, Baba. Hapo akacheka, nami nikakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa.

Mbege iletwe upya, tarehe 30. Shangazi Elisifa apike, amesisitiza jina. Kimea alete Yoramu. Nikauliza mimi nilete nini. Akasema nisilete kitu. Alirudia: kitu chochote.

Gladness alinisindikiza hadi palepale barabarani. Safari hii nililisema. Nikasema nampenda na nina aibu, na kwamba Shangazi nilimwacha peke yake, na sikutaja kinyozi wala Kobe. Akasema amesubiri miaka minne kunisikia nikisema jambo bila sababu nyuma yake. Kisha akanipa kazi moja: Jumamosi hii, saa tisa, kwenye ofisi ya parokia yetu Uru, mimi na yeye, tumwone padri tuandikishe majina ya ndoa. Baba yake atakuja pia. Akaniomba nije na kichwa changu tu.

Niliapa. Nililia kidogo, ila ukungu ulikuwa mzito na uso ulishalowa tayari.

Kuanzia leo simu ni ya kupigia. Kobe nilishamfuta kabla Mama hajaizika. Mtu mzima haongozwi na kobe.

Jumapili, 17 Agosti

Habari njema! Nimepata programu.

Inaitwa Jani. Alama yake ni jani refu la kijani, sale kabisa! Nani ataniambia hiyo si ishara? Bure, kazi hazina kikomo, haisemi, hailii, na sikukuu za Tanzania zimo zote. Nilikagua Nane Nane kwa macho yangu. Niliikuta jana baada ya chakula cha mchana, nilipokuwa naitoa simu kwenye mahindi ili nijue saa ngapi, nisichelewe kwa padri.

Nikasema niiwekee mambo machache tu. Nikaweka tarehe 30. Nikaweka harusi. Nikaweka ubatizo wa mtoto wa kwanza, na kipaimara chake, na ada. Ilikuwa kazi tamu, maisha yote yakijipanga kwa rangi. Mwisho nikaweka: Jumamosi saa tisa, parokia, padri, Gladness. Jani likajibu kwa adabu kwamba muda wa kazi hii umepita, je, niihamishie kesho? Nikabonyeza ndiyo. Kisha nikatazama dirishani, kuku walikuwa wanaingia bandani.

Walisubiri, Gladness na baba yake, kwenye benchi la nje ya ofisi. Mzee Yakobo na kofia. Padri alitoka mara mbili. Yoramu alikuwa hapo ukumbini, maana alikuja kwenye semina yangu ya kutawala muda, yeye na watu wengine kumi na kitu, na kwa kuwa mtoa mada hakutokea akawafundisha yeye, kwa kalenda. Wanasema ilikuwa nzuri. Akampelekea Gladness kiti na chai. Alimwambia huenda nimepatwa na dharura.

Gladness hapokei simu. Nina aibu, ingawa safari hii nimekula.

Lakini dawa ninayo. Asubuhi hii nimechukua panga nikaenda kwenye ua kukata masale mawili: moja la Gladness, moja la akiba. Nikamkuta Mama ameinama na jembe. Alikuwa ameshachimba mstari mzima kutoka getini mpaka kwenye kahawa, anapanda vipandikizi vya masale, kimoja kimoja, anashindilia udongo kwa kisigino. Nikamuuliza ua wote huu wa nini. Hakuinua kichwa. Akasema ni kwa ajili ya ndoa yangu.

Nimeguswa mpaka machozi yamenitoka. Kumbe Mama bado ana imani na ndoa hii! Nimeingia ndani mara moja nikaandika kwenye Jani: Kumshukuru Mama. Nimeiweka kesho.